Upepo Mmoja, Mikono Mingi

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikitazamwa kwa haraka, huonekana kupigana. Ya kwanza yasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili yasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwalimu azifundishapo darasani, mwanafunzi hodari hunyosha mkono na kuuliza: tushike ipi? Jibu tulilopewa sisi shuleni lilikuwa kwamba kila methali ina mahali pake. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa halimwambii mtu mahali penyewe ni wapi. Mimi nimekuja kulipata jibu lililo kamili zaidi katika kazi ambayo sikutazamia kuifanya katika umri wangu huu wa miaka hamsini na ushei, nayo ni kazi ya kutengeneza kitabu cha picha pamoja na vijana wanaochora kwa kompyuta.

Yafaa nijieleze kwanza. Mimi ni mtumishi wa serikali. Mchana huandika barua na taarifa. Usiku huandika mashairi. Masomo yangu yaliishia sekondari, na katika uchoraji sina lolote niwezalo kujivunia. Naishi Mbuchi, katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Huku mto unapoikaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wenye hekta zipatazo 50,000, ambao ni miongoni mwa misitu mikubwa ya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Boriti za msitu huu zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Arabuni tangu zama za kale kuezekea nyumba za watu wa huko. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa mataifa wa kuhifadhi ardhi zenye majimaji. Watu wa huku hulima mpunga, huvua samaki na kamba, huunda vyombo na husuka mikeka, na safari zao hupangwa kwa kutazama maji na mvua.

Pamoja na utajiri huo wote, delta yetu haionekani sana vitabuni. Mara nyingi nilizoiona katika vitabu vya historia ilikuwa ni kwa ajili ya manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, ambayo ilijificha katika mikono ya mto huu mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, ikashambuliwa na Waingereza hadi ikaangamia mwezi wa Julai mwaka 1915. Chombo cha wageni, kisichotimiza hata mwaka mmoja humu, nimekiona katika picha nyingi kuliko nilivyomwona mwanamke wa delta akivuna mpunga au mvuvi akitega wando. Mtoto wa Mbuchi afunguapo kitabu akakuta mahali pake pameandikwa kwa ajili ya meli ya watu wengine, atajifunza nini juu yake mwenyewe? Swali hilo ndilo lililotukutanisha.

Mwaka 2023 tulianza kazi. Wachoraji walikuwa watatu: kijana mmoja wa Dar es Salaam, kijana mwingine wa Unguja, na dada mmoja wa Tanga. Tulikubaliana kitabu kiwe na kurasa 24, kianzie pale mto unapoanza kugawanyika na kiishie baharini, na kila ukurasa uwe na picha moja kubwa na chini yake ubeti mmoja wa shairi. Beti zilikuwa fungu langu. Tena nilipewa kazi ya pili, ambayo baadaye niliiona kuwa ndiyo kubwa: kuzichukua picha, kuwaonyesha wenyeji wa Mbuchi, na kuwarudishia wachoraji maneno ya wenyeji hao.

Ndugu msomaji ambaye hujapata kuona uchoraji wa namna hii, niruhusu nikueleze. Katika karatasi, mchoraji wa pili hawezi kuigusa kazi ya wa kwanza bila ya kuiharibu. Katika kompyuta mambo ni mengine. Programu ya kuchorea huigawa picha moja katika matabaka, na kila tabaka ni kama karatasi ing'aayo, iliyolazwa juu ya karatasi nyingine. Kwetu sisi, kijana wa Dar es Salaam alichora mbingu, mchanga na maji. Dada wa Tanga alichora miti, mimea na nyumba. Kijana wa Unguja alichora watu na vyombo vya majini. Mmoja akimaliza sehemu yake, hulituma faili zima kwa intaneti, na mwenzake hulifungua na kuongeza tabaka lake. Ukitazama kutoka juu waona picha moja isiyo na mshono. Lakini ukipenda waweza kuliondoa tabaka la maji, nao wavuvi wakabaki wameketi hewani, wakivuta nyavu ambazo hazikutumbukia popote.

Nilipomweleza mambo haya jirani yangu, bibi ambaye amesuka mikeka tangu utoto wake, nilitazamia kwamba angeshangaa. Hakushangaa hata kidogo. Alinisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi, kisha akasema, "Hizo ni kili tu, mwanangu. Kila mtu na ukili wake, kisha yuko mmoja anashona."

Neno lile lilinifungua macho. Mkeka, kama wajuavyo watu wa pwani, hausukwi kwa upana wake wote kwa mara moja. Majani ya ukindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa na mengine hutiwa rangi. Kisha husukwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, ambao mwanamke aweza kutembea nao akiusuka njiani au barazani. Kili zikisha kutosha ndipo hushonwa pamoja na kuwa mkeka. Ukili mmoja waweza kuwa wa mama, mwingine wa binti, na wa tatu wa jirani aliyekuja kuzungumza jioni. Watu hukalia mkeka mmoja, lakini msukaji mwenye jicho zuri hunyosha kidole na kusema: huu ni mkono wa fulani, anakaza sana, na huu ni wa fulani, rangi zake hazikosani. Mikono imeungana, lakini haikufutika. Basi kompyuta ya kijana wa leo imefika mahali ambapo bibi zetu walikuwapo zamani, na tofauti ni ya vifaa tu.

Wala si katika mikeka peke yake ambamo taifa letu limejizoeza kazi ya namna hii. Wanafunzi wa kizazi changu tulipanda jukwaani kusoma ngonjera, ambazo Marehemu Mathias Mnyampala alizieneza nchini. Ngonjera haisimami kwa sauti moja. Humtaka mmoja aulize na mwingine ajibu. Katika uchoraji, mfano ulio mashuhuri ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, akaanza kuchora jijini Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, akafariki mwaka 1972. Alikuwa amekwisha wafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake. Hao hawakuiacha kazi ife pamoja na mwalimu wao. Waliiendeleza kwa umoja, na mwaka 1990 umoja huo ukawa chama cha ushirika. Jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo, nao mtindo ukawa chakula cha watu wengi.

Mtindo huo ndio uliokuja kuingia katika kompyuta. Mwaka 2010 vilianza kuonyeshwa katika televisheni vipindi vya katuni vilivyoitwa Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi kwa ushirikiano wa Wakenya na Waingereza, vikisimulia hadithi za wanyama za Afrika kwa sura na rangi za mtindo ule wa Dar es Salaam. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kurushwa hapa nchini kwetu, nacho pia ni matunda ya waandishi, wachoraji na wanamuziki waliokaa meza moja. Watoto wengi wanaweza kuwataja wanyama wa katuni hizo bila ya kukosea. Lakini ukiwauliza ni nani aliyechora shingo ya twiga, watakutazama tu. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulizungumza katika makala haya.

Kwanza nieleze jinsi chombo chetu kilivyotaka kwenda mrama. Picha ya kwanza iliyokamilika ilionyesha dau likitoka katika mkono wa mto kuelekea baharini. Ilikuwa picha ya kupendeza kweli. Niliipeleka kwa mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake chini ya mwembe. Aliishika simu yangu mbali na macho yake, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Huyu nahodha anakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba anakwenda baharini. Akasema, "Tanga lake limejaa upepo wa kusi. Minazi ile nyuma yake imelala kwa upepo wa kaskazi. Upepo wa kitabu hiki una akili mbili."

Tulipochunguza tukaona kwamba mzee amesema kweli tupu. Dada wa Tanga aliichora minazi yake akiwa na kaskazi kichwani, yaani upepo wa Desemba hadi Machi, utokao kaskazini mashariki. Kijana wa Unguja alilichora tanga akiwa na kusi kichwani, yaani upepo wa katikati ya mwaka, utokao kusini. Kila mmoja alikuwa sahihi katika tabaka lake, lakini picha nzima ilikuwa ya uongo. Mzee hakuishia hapo. Alituonyesha kwamba upande wa kushoto maji yamejaa hadi kwenye mashina, ilhali upande wa kulia kaa wanatembea juu ya matope makavu, kana kwamba bahari imejaa na kupwa kwa saa moja. Kosa hilo lisingaliweza kutokea kama mchoraji angalikuwa mmoja, kwani hata mchoraji asiye hodari huwa na upepo mmoja kichwani mwake. Ni kosa lizaliwalo na ushirikiano wenyewe.

Tangu siku hiyo tuliweka sharti. Kabla mtu hajaigusa kalamu, tunakubaliana kwa kila ukurasa mambo manne: ni mwezi gani, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanakupwa, na jua liko upande gani. Mambo hayo manne yaliandikwa juu ya kila faili, na hakuna aliyeruhusiwa kuyabadili bila ya idhini ya wenzake. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa huru kabisa katika tabaka lake. Nami hapo ndipo nilipozielewa zile methali mbili. Chombo hakiendi mrama kwa sababu kina watu wengi. Jahazi lina baharia wengi na hufika salama. Huenda mrama pale ambapo kila mmoja ana upepo wake.

Somo la pili tulifundishwa na miti. Mtu wa mbali akitazama msitu wa mikoko huona rangi ya kijani moja. Mwenyeji huona watu wa koo mbalimbali. Mlilana hupenda kusimama mbele, uso kwa uso na bahari. Msikundazi hukaa nyuma, mahali ambapo maji baridi ya mto yana nguvu zaidi. Mkoko huteremsha mizizi iliyopinda kutoka shinani, ukasimama kama mtu aliyeinua nguo asilowe. Mchu hauna miguu ya namna hiyo. Mizizi yake hutembea chini ya matope na kutoa juu ncha nyingi nyembamba mfano wa vidole, nazo ndizo ziupatiazo hewa. Dada wa Tanga, ambaye mkono wake ni mwepesi na wa kupendeza, aliipa miti yote miguu ya mkoko kwa kuwa ndiyo iliyompendeza. Akina mama wanaokwenda kutafuta kaa waliiona picha, wakacheka hadi wakashikana mabega. Mmoja wao akasema, "Mwambie aje atembee humu pekupeku, vidole vya mchu vitamfundisha."

Naye akaja. Alisafiri kutoka Tanga hadi Mbuchi, akakaa siku tano, akaingia matopeni pamoja na akina mama wale, akarudi na miguu yenye mikwaruzo na daftari iliyojaa michoro. Miti aliyoichora baada ya hapo ina uhai ambao ile ya kwanza haikuwa nao. Ubeti nilioutunga kwa ajili ya ukurasa ule ni huu:

Mchu pale matopeni, hutoa pumzi zake,
Mkoko toka shinani, hupinda miguu yake,
Kila mti duniani, una kusimama kwake,
Nasi tulio kazini, mtu na mkono wake.

Kisha yakaja maji. Katika mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliikumba Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika katika pwani yetu. Mashamba yalizama na watu walihama. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzungumza habari za picha. Tuliporejea kazini, vijana walileta ukurasa wa mafuriko, nao ulikuwa na watu wanaolia tu, na maji ya buluu mithili ya bahari ya kwenye kadi za watalii. Wenyeji waliurudisha. Walisema kwanza kwamba maji ya Rufiji si ya buluu. Ni ya rangi ya udongo, kwa kuwa yamebeba udongo. Pili walisema kwamba maji hayo hayo, yakija kwa kiasi, ndiyo yaletayo rutuba ya mpunga. Hivyo mto usichorwe kama adui, bali kama jamaa ambaye safari hii alikuja na hasira. Kijana wa Dar es Salaam aliupaka upya mto wote, katika kurasa zote, kwa rangi ya udongo. Sasa mtoto wa Mbuchi akikifungua kitabu hataambiwa na mtu kwamba huu ni mto wake.

Nimefika katika jambo gumu kuliko yote, nalo ni la majina.

Picha ya matabaka, inapokuwa tayari kwenda kwa mpiga chapa, hubanwa. Matabaka yote hushindiliwa yakawa tabaka moja, na baada ya hapo hakuna awezaye kuinua miti peke yake wala vyombo peke yake. Hadi siku hiyo, faili lenyewe hutunza kumbukumbu ya nani amefanya nini. Baada ya siku hiyo kumbukumbu imekufa. Kwa hiyo tulikuwa hatuna budi kukubaliana juu ya majina kabla ya kubana.

Kijana wa Unguja alitaka jina lake liwe peke yake juu ya jalada kama mchoraji, na wengine watajwe ndani kama wasaidizi. Si haki kumdharau kwa neno hilo. Alikuwa fundi wa kweli, na watu na vyombo ndivyo vitu ambavyo macho ya msomaji huvikimbilia kwanza. Alisema kwamba msanii wa nchi hii hula kwa jina lake. Jina likifichwa katika kundi, kesho hakuna atakayejua wa kumpa kazi. Hoja hiyo ina uzito, na wengi waliopata kuuza kazi za sanaa wataikubali.

Lakini dada wa Tanga aliuliza swali moja, "Na bibi wa mapindo je?" Kwa maana pembezoni mwa kila ukurasa tulikuwa tumeweka pindo lenye nakshi, na nakshi zile zilikuwa za yule bibi jirani yangu. Yeye ndiye aliyetuambia rangi ipi ikae na ipi, na nakshi ipi ifuatane na ipi, nasi tulizinakili kutoka katika mikeka yake kwa idhini yake. Kijana akajibu, "Bibi hakushika kalamu." Dada akasema, "Wewe nawe hukushika ukindu." Mazungumzo yale, yaliyofanyika kwa simu usiku, yalikwisha vibaya. Baada ya siku tatu kijana alituandikia kwa adabu kwamba anajitoa, na kwamba anaomba matabaka yake yaondolewe.

Hapa ndipo kompyuta inapoujaribu uungwana wa mtu. Matabaka yake yalikuwa mikononi mwetu sote; kila mmoja alikuwa na nakala. Tungaliweza kuubana ukurasa usiku ule na kumaliza kazi, na msomaji asingalijua. Mmoja wetu alisema kwamba kazi aliyoitia mtu katika chungu cha pamoja imekuwa ya chungu. Mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa wao kwa umri, niliombwa niseme. Nilisema kwamba ukili ambao haujashonwa bado ni wa aliyeusuka, na kwamba aliyejitoa kwa kusema wazi anastahili kujibiwa kwa uwazi huohuo. Sheria ya Haki Miliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inautambua utungaji wa pamoja wa watu wawili au zaidi. Lakini sisi hatukuwa tumeandikiana lolote, na mahali ambapo hapana maandishi hubaki uungwana tu. Tukayaondoa matabaka yake, yote, katika kurasa zote 24.

Sitamficha msomaji gharama yake. Delta yetu ilibaki siku nyingi bila ya watu wala vyombo, miti na maji peke yake, na kuitazama kulitia huzuni. Dada wa Tanga alijifunza kuchora madau na ngalawa, akielekezwa na yule mzee mvuvi, aliyemwonyesha jinsi matengo ya ngalawa yafungwavyo na jinsi foromali ikaavyo kwenye mlingoti. Madau yake ni sahihi, lakini hayaruki juu ya maji kama yalivyoruka ya yule kijana. Atakayesema kwamba kitabu kilipungua uzuri atakuwa amesema kweli. Hata hivyo hakuna ukurasa ndani yake ambao mtu anaweza kuunyoshea kidole na kusema: hapa nimeibiwa.

Kwenye ukurasa wa mwisho tuliandika orodha. Hatukuandika kwa cheo, wala hatukuwagawa watu kuwa wasanii na wasaidizi. Tuliandika kazi na mtu wake: maji na mbingu, fulani, miti, nyumba na vyombo, fulani, nakshi za mapindo, fulani binti fulani wa Mbuchi, mashauri ya upepo na vyombo, mzee fulani, mashauri ya miti, akina mama fulani na fulani, beti, fulani. Nilimsomea bibi sehemu yake. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza kama wajukuu zake walioko mjini wataweza kuiona, nikamwambia kwamba wataiona.

Nayaeleza haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu kazi za namna hii zitazidi kuwa nyingi. Vijana waliomo madarasani leo watachora, wataandika na kuimba pamoja na watu ambao huenda wasionane nao maisha yao yote. Chombo walicho nacho ni chema sana kwa kuunganisha mikono, na ni chepesi vilevile kwa kuifuta. Utamaduni wetu umekwisha kutupa kipimo cha kufuata, nacho kimo katika mkeka tunaoukalia.

Naomba basi niwape walimu pendekezo la kazi ya darasani, ambayo haihitaji kompyuta mahali isipokuwapo. Wagawieni wanafunzi picha moja ya kijiji au mtaa wao, waichore kwa vikundi: kikundi kimoja ardhi na maji, kingine miti na nyumba, kingine watu na kazi zao. Kabla hawajaanza, wakubaliane na waandike ubaoni ni mwezi gani, upepo unatoka wapi na jua liko wapi. Katikati ya kazi waipeleke picha kwa mzee mmoja na mama mmoja wa mahali hapo, waulizwe panapokosewa, na pasahihishwe. Mwisho, kabla picha haijabandikwa ukutani, liandikwe jina la kila aliyetia mkono au neno, pamoja na la yule mzee na yule mama, ili wajukuu zao wapitapo hapo siku za usoni wayasome.